Gari linalojizima lenyewe njiani: betri yake inahitaji nini?

Magari mengi madogo yanayoletwa Afrika Mashariki yakiwa yametumika Japani, kama baadhi ya Mazda Demio na Nissan Note za miaka ya 2010, huzima injini yenyewe dereva akisimama na kukanyaga breki. Akiachia breki, injini inawaka tena bila ufunguo kuguswa. Lengo ni kuokoa mafuta kwenye foleni na taa za barabarani. Swali la wanunuzi wengi ni moja: je, kuzima na kuwaka huko hakuui betri?

Kunaiua mapema, kama betri iliyomo si ya aina inayotakiwa.

Wengi huilaumu stata. Kweli stata huvuta umeme mwingi, lakini kwa sekunde moja hivi tu. Mzigo mkubwa zaidi ni ule muda injini ikiwa imezima. Alteneta haizunguki, kwa hiyo taa, feni na redio vinakula umeme wa betri peke yake. Chukua mfano: vitu hivyo vikivuta ampea 30 kwa dakika moja, betri imetoa nusu ya ampea-saa. Stata ikivuta ampea 200 kwa sekunde moja, imetumia takriban moja ya tisa ya kiasi hicho.

Betri ya kawaida ya risasi na asidi imetengenezwa kuwasha injini, kurudishiwa chaji, kisha kukaa imejaa. Ikishushwa na kupandishwa mara nyingi kwa siku, unga wa risasi kwenye sahani zake hulegea na kudondoka. Ikikaa muda mrefu bila kujaa, sahani huota ukoko mgumu unaozuia chaji kuingia. Joto nalo huharakisha uchakavu.

Ndiyo maana magari haya hutengenezewa betri zake. Kuna EFB, ambayo ni betri ya asidi ya maji yenye sahani zilizoimarishwa. Nyingine ni AGM: asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo uliobana katikati ya sahani. Hiyo haifunguliwi kuongezwa maji. Kwa betri za Kijapani, tazama kibandiko: M-42, N-55, Q-85 na S-95 ni za magari yanayojizima, wakati 40B19 au 55B24 ni za kawaida.

Hapa ndipo pesa hupotea. Dukani betri ya kawaida huwa nafuu, inaenea mahali pake, na gari linawaka siku hiyo hiyo. Hakuna kinachoonyesha kosa mpaka asubuhi moja gari linapogoma, na pengine ndilo pekee kijijini la kumkimbiza mgonjwa.

Dalili ya mapema ipo, ila hupuuzwa: gari linaacha kujizima. Kompyuta yake ikiona chaji imeshuka, hukataa kuzima injini. Mfumo pia hukataa injini ikiwa bado baridi, au kiyoyozi kikiwa na kazi kubwa, hivyo siku moja si kitu. Lakini likiacha kwa siku kadhaa hata baada ya safari ndefu, betri ipimwe. Gari likilala bila kuwashwa, volti 12.6 ni betri iliyojaa. Volti 12.4 imepungua, inahitaji kuchajiwa. Kwenye 12.0 imekaribia kwisha.

Kwenye magari mengi kuna kitufe chenye herufi A iliyozungukwa na mshale. Ukikibonyeza, gari halijizimi, ingawa mara nyingi utalazimika kukibonyeza kila unapowasha upya. Kinasaidia ukiwa umekwama na betri ya kawaida, lakini si dawa kamili. Baadhi ya magari haya hupunguza chaji ya alteneta makusudi ili kuokoa mafuta, na safari fupi fupi za sokoni na kurudi haziijazi betri.

Ukibadilisha betri, muulize fundi kama gari lako linataka kompyuta ijulishwe, baadhi yanahitaji. Na siku ya kubusti, waya hasi usiubane kwenye kichwa cha betri, kwani mengi yana kipimo cha umeme hapo. Ubane kwenye chuma kitupu cha injini au bodi.