Kivuli cha Mwezi na Watu wa Laare

Jua hupatwa mwezi upitapo kati yake na dunia. Waliomo katika kivuli kizito huona jua limefunikwa lote. Walio kando huliona limemegwa tu. Tarehe 30 Juni 1973 giza liliwafika watu wa Loiyangalani, ufukoni mwa Ziwa Turkana, ambalo wakati ule liliitwa Rudolf. Laare ilipata sehemu. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli kilipita tena Turkana, yapata saa kumi na moja u nusu jioni. Jua lilikwisha kuinamia magharibi, hivyo mtu wa Laare ilimpasa kutafuta mahali ambapo vilima vya Nyambene havikumziba. Huko Turkana, baadhi ya waliosafiri mbali walizuiwa na mawingu na tufani ya mchanga. Hesabu hutabiri mahali na saa. Wingu haliingii katika hesabu hiyo.

Tarehe 2 Agosti 2027, mchana, jua litamegwa tena juu ya Laare. Ewe msomaji, usilitazame kwa macho matupu, kwani huunguza jicho pasipo maumivu. Toboa karatasi kwa sindano, ulipe jua kisogo, kisha tazama sura yake katika karatasi ya pili.