Skarabi ya fayansi

Skarabi ya fayansi ni hirizi ndogo ya Misri ya Kale yenye umbo la mbawakawa wa mavi (Scarabaeus sacer). Wamisri walimwona mdudu huyu akiviringisha donge la mavi mchangani, wakamhusisha na mungu Khepri, aliyelisukuma jua angani kila alfajiri. Kwa hiyo hirizi hii ilibeba maana ya kuzaliwa upya. Ilivaliwa na walio hai na kuzikwa pamoja na wafu.

Fayansi si udongo wa mfinyanzi. Ni unga wa mawe ya kwatzi au mchanga, uliochanganywa na chokaa kidogo, magadi na shaba, kisha ukatiwa maji na kushindiliwa katika kalibu ya udongo. Hirizi ilipokauka, chumvi za magadi zilijitokeza juu yake. Ndani ya tanuri ziliyeyuka zikawa ngozi ya kioo, na shaba ikaipa rangi ya buluu au kijani. Ni ustadi wa kustaajabisha, maana umbo na mng'ao vilitoka katika mchanganyiko mmoja.

Tundu la uzi lilipita toka kichwani hadi mkiani. Upande wa chini, ulio bapa, ulichorwa majina ya miungu au mafarao. Menkheperre, jina la Thutmose III, liliendelea kuchorwa karne nyingi baada ya kifo chake.

Katika karne ya 6 KK, karakana ya Naukratis, mji wa Wagiriki kwenye delta ya Nile, ilitengeneza skarabi za fayansi kwa wingi, zikauzwa ng'ambo ya Mediteranea.