Mabibi Kumi na Wanne wa Mbare

Historia ya Benchi la Urafiki la Zimbabwe, huduma ya mazungumzo kwa wenye matatizo ya akili inayotolewa kwenye benchi la nje, huanzia kwa daktari karibu kila inaposimuliwa. Mwaka 2005 Dk. Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari bingwa wachache mno wa magonjwa ya akili katika nchi ya watu wapatao milioni 12, alifiwa na mgonjwa wake, mwanamke kijana aliyejiua. Familia ilitaka kumrudisha Harare kwa Chibanda akatibiwe, ila nauli ya basi haikupatikana. Mwaka 2006 daktari huyo alikwenda Mbare, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Harare, akiomba wauguzi na chumba cha kuhudumia wenye maradhi ya akili. Wauguzi walikuwa wamezidiwa na kazi, na vyumba vilikuwa vimejaa. Alichopewa ni mabibi 14 wa kujitolea na nafasi ya nje, uani. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, yakisimuliwa hivyo, mabibi wanaonekana kama kitu kilichookotwa baada ya vyote vingine kukosekana. Mimi nadai kwamba wao ni waanzilishi wa taasisi hii kwa maana kamili ya neno hilo, na anayeiadhimisha bila kuwaweka pale mwanzoni anaeleza nusu tu ya habari.

Mabibi hao walikuwa na kazi yao kabla ya 2006. Tangu miaka ya 1980 idara ya afya ya jiji la Harare ilikuwa na wanawake wa makamo na wazee walioitwa ambuya utano, yaani mabibi wa afya. Walipita nyumba kwa nyumba wakihimiza usafi na chanjo. Ukimwi ulipoingia wakawa wanawafuatilia wagonjwa na kuwakumbusha dawa, katika miaka ambayo wanawake wa umri wao walikuwa wakizika watoto wao na kubaki na wajukuu wa kulea. Kisha ukaja mwaka 2005 na bomoabomoa ya serikali iliyoitwa Operesheni Murambatsvina. Mtanzania Anna Tibaijuka, aliyetumwa na Umoja wa Mataifa kuichunguza, alikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Mbare iliguswa moja kwa moja. Kwa hiyo huduma ilipoanza mwaka uliofuata, waliokuja kukaa kwenye benchi walikutana na mtu aliyeyajua yaliyoupata mtaa ule kwa sababu aliishi humo humo. Uaminifu wa namna hiyo haupatikani kwenye mafunzo ya wiki chache. Ulikuwa umejengwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na mradi uliukuta tayari.

Mabibi pia hawakupokea mafundisho na kuyarudia kama yalivyo. Mwanzoni benchi lilipewa jina la afya ya akili, na watu wakaliogopa, kwani nani angependa majirani wamwone amekaa hapo? Mabibi ndio walioshauri jina libadilishwe. Likawa Benchi la Urafiki, na kwa Kishona Chigaro Chekupanamazano, mahali pa kupeana mawazo. Wao ndio walioshikilia kwamba mazungumzo yaendeshwe kwa maneno ya watu wenyewe. Walizungumzia kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, badala ya kumbandika mtu jina la ugonjwa lililotoka kitabuni. Tiba yenyewe ilitokana na njia inayojulikana ya kutatua matatizo: mgonjwa anaorodhesha yanayomsumbua, anachagua moja, na anapanga hatua anayoiweza wiki hiyo. Hatua zake zikapewa majina ya Kishona: kuvhura pfungwa (kufungua akili), kusimudzira (kuinua) na kusimbisa (kutia nguvu). Katika taasisi yoyote, aliyechangia jina, lugha na adabu ya kazi hiyo tungemwita mwanzilishi bila kusita.

Matokeo yalipimwa. Taarifa ya mwaka 2011 kuhusu wagonjwa 320 wa Mbare ilionyesha wastani wa alama za dalili ukishuka kutoka 11.3 hadi 6.5 baada ya vikao vichache. Desemba 2016 ulitoka utafiti mkubwa zaidi uliohusisha kliniki 24 za Harare na wagonjwa 573, wengi wao wanawake, na zaidi ya theluthi wakiishi na virusi vya Ukimwi. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14 kati ya waliohudumiwa kwenye benchi, na asilimia 50 kati ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Msomaji makini atasema takwimu hizo zinathibitisha njia, hazithibitishi mabibi. Ni kweli kwamba utafiti huo haukuwashindanisha mabibi na vijana waliofundishwa njia ile ile, na anayedai kwamba sayansi imethibitisha ubora wa bibi kuliko kila mtu anaongeza chumvi. Lakini njia iliyopimwa ndiyo hiyo waliyoshiriki kuitengeneza, kwa lugha waliyoichagua wao, nao ndio walioitoa. Wala benchi halikudai kutibu kila kitu. Mwenye hatari ya kujiua au dalili za wazimu hupewa rufaa kwa wauguzi na madaktari. Hapo ndipo mchango wa Chibanda na wenzake usipopaswa kupunguzwa: usimamizi, vipimo na ngazi ya rufaa ndivyo vilivyoufanya wema wa mtaani uwe huduma ya afya.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni jingine. Kuwasifu wanawake wazee wanaojitolea kunaweza kuwa njia ya serikali kukwepa kuajiri. Mwanamke anayelea wajukuu kwa posho ndogo, kisha anasikiliza huzuni za mtaa mzima, anabeba mzigo ambao mshahara wa mtu mwingine ungepaswa kuubeba. Pingamizi hilo silikatai. Ninachokataa ni hitimisho kwamba basi tusiwasifu. Anayetajwa kama msaidizi hupewa posho ya msaidizi. Anayetambuliwa kama mwanzilishi ana msingi wa kudai malipo, matibabu yake mwenyewe na sauti katika uamuzi. Kumbukumbu na haki zinakwenda pamoja hapa.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kwa kuwa benchi limesafiri. Limefika Malawi, Zanzibar na New York, na wakati wa Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar yaliwekwa mabenchi 32, moja kwa kila timu, kama alama ya mazungumzo kuhusu afya ya akili. Mbao hupatikana popote. Kwa wanaoianzisha huduma hii kwingineko, Zanzibar ikiwamo, kazi ya kwanza ni kuuliza ni akina nani wanaoaminiwa tayari katika shehia, wamehudumu kwa miaka mingapi, na wanalipwa nini, kabla fundi hajaitwa.