Watu Sita wa Tolpuddle

Wazee wetu walisema, "Mnyonge hana haki." Neno hili tumelisikia tangu utoto, na mara nyingi tumeliona kuwa kweli. Walakini historia yatufundisha kulipima tena, kwa maana wako wanyonge waliopata haki yao, nao hawakuipata kwa rungu wala kwa mkuki. Habari zao ni hizi.

Katika Uingereza, upande wa Dorset, kuna kijiji kidogo jina lake Tolpuddle. Zamani hizo watu wengi wa huko walikuwa vibarua katika mashamba ya matajiri. Ujira wao ulikuwa shilingi 9 kwa juma. Mabwana wakaushusha ukawa 8, kisha 7, hata wakaambiwa ya kuwa utakuwa 6. Kwa fedha hiyo mtu hakuweza kuwashibisha watoto wake mkate, sembuse kuwavika.

Basi mwaka 1833 kibarua mmoja, George Loveless, aliyekuwa pia mhubiri wa Kimethodisti, aliwakusanya wenzake wakaunda chama. Shabaha yao ilikuwa kusema na mabwana kwa sauti moja, kwa kuwa mtu akinena peke yake hufukuzwa, na mwingine huchukua jembe lake. Kuunda chama hakukuwa kosa. Sheria ya kuvikataza vyama vya wafanya kazi ilikuwa imefutwa mwaka 1824. Lakini walipoingia chamani walikula kiapo cha siri, na hapo ndipo wapinzani wao walipopata mlango.

Tarehe 24 Februari 1834 walikamatwa watu sita: George Loveless na ndugu yake James, Thomas Standfield na mwanawe John, James Hammett, na James Brine. Walishtakiwa kwa sheria ya viapo ya mwaka 1797, iliyotungwa baada ya maasi ya mabaharia wa manowari. Loveless akajitetea kwamba hawakumdhuru mtu wala mali yake, bali walijiunga ili kuziokoa jamaa zao na njaa. Hakimu hakukubali. Wakahukumiwa miaka 7, wakapelekwa ng'ambo ya bahari, Australia, kutumikia kifungo.

Je, wenzao walinyamaza? La. Tarehe 21 Aprili mwaka ule ule maelfu ya wafanya kazi walikusanyika London, wakaandamana kwa utaratibu, wakichukua hati ya kuomba watu hao warudishwe. Waziri alikataa kuipokea siku ile. Hawakupiga mawe, wala hawakukata tamaa. Waliendelea kuomba na kuandika, wakachanga fedha za kuwatunza wake na watoto walioachwa. Hata mwaka 1836 serikali ikawasamehe wote kabisa, nao wakarudi kwao kati ya mwaka 1837 na 1839. Mwaka 1871 vyama vya wafanya kazi vikapata kibali kamili cha sheria.

Tusidhani, ndugu wasomaji, ya kuwa haki hiyo ilipatikana bure. Watano katika wale sita walihamia Kanada. James Hammett peke yake alikaa Tolpuddle, na mwaka 1891 alifariki katika nyumba ya maskini. Mwenye kupanda mti si yeye siku zote akaaye kivulini.

Mambo mawili twajifunza. Kwanza, watu hawa hawakujua ya kuwa kiapo chao kingeweza kugeuzwa kosa. Hivyo yatupasa kuisoma sheria na kuielewa, maana asiyeijua hunaswa nayo. Pili, kibarua wa jirani akipunjwa ujira wake, tusipite upande wa pili wa njia tukisema, "Si shauri letu." Kama watu wa London wangalisema hivyo, wale sita wangalisahauliwa.

Basi tukiitaja tena mithali ya wazee, na tuiongeze maneno haya: mnyonge hana haki, akiwa peke yake.