Onibaba: Filamu ya Kijapani inayotisha bila mzimu

Filamu nyingi za kutisha hutegemea mzimu unaochomoza ghafla gizani. Onibaba, filamu ya Kijapani ya mwaka 1964, haina mzimu hata mmoja. Kinachotisha humo ni njaa na vita. Hapa tunaeleza kisa chake na mambo ya kuangalia ili uifaidi.

Kisa chenyewe

Ni karne ya 14, Japani imo vitani yenyewe kwa yenyewe. Wanaume wamechukuliwa, mashamba hayalimwi. Mama mmoja na mke wa mwanawe wanaishi kibandani, katikati ya nyasi ndefu kupita kimo cha mtu. Askari akipotea humo, wanamuua kwa mkuki, wanamvua mavazi ya vita na silaha, na mwili wanautupa shimoni. Vitu hivyo wanabadilisha kwa mtama.

Jirani anarudi na habari kwamba yule mwana amekufa. Mjane kijana anaanza kumwendea jirani huyo usiku. Mama mkwe anaingiwa na hofu: akibaki peke yake hawezi kuua, na asipoua hali. Ndipo anapovaa kinyago cha shetani, alichokitoa kwa samurai mmoja, ili amtishe mkwewe njiani. Kikishalowa mvua, kinyago kinakataa kutoka usoni.

Aliyeitengeneza

Mwongozaji Kaneto Shindo alizaliwa mkoa wa Hiroshima mwaka 1912, na katika Vita Kuu ya Pili aliandikishwa jeshini. Mwaka 1945 mji wa Hiroshima ulipigwa bomu la atomiki. Shindo alieleza kwamba uso ulioharibika chini ya kinyago aliutengeneza kwa kufuata picha za waathirika wa bomu. Kwa hiyo kisa ni cha kale, lakini majeraha ni ya watu wa zama zake.

Angalia nini, sikiliza nini

Wakati huo filamu za rangi zilikuwa zimeshazoeleka Japani. Bila rangi, nyasi zinameremeta kama mawimbi, na shimo linakuwa weusi mtupu usio na mwisho. Tega sikio pia: upepo katika nyasi, ngoma za Hikaru Hayashi, kisha kimya.

Ukitazama kwa simu, ngoja giza liingie, ongeza mwanga wa kioo na vaa spika za masikioni. Lugha ni Kijapani, hivyo tafuta yenye tafsiri ya maandishi. Ina mauaji na watu walio uchi, watoto wasiitazame.

Ukiipenda

Tafuta Ugetsu ya Kenji Mizoguchi (1953) na Kuroneko ya Shindo mwenyewe (1968). Humo mizimu ipo. Ila katika Kuroneko, kabla ya kuwa mizimu, walikuwa mama na mkwe waliouawa nyumbani kwao na askari wenye njaa.