Kiasi cha Baruti: Bunduki ya Kushindilia katika Historia ya Msamiati wa Kiunguja

1.0 Utangulizi

Katika kitabu chake kuhusu Kiswahili cha Unguja, kilichochapishwa London mwaka 1870, Edward Steere aliandika kwamba kiasi cha bunduki ni ile risasi iliyofungwa tayari pamoja na baruti yake. Msomaji wa leo akikutana na maneno hayo bila ya maelezo, huenda akadhani kuwa panazungumzwa idadi ya bunduki. Maana iliyokuwa wazi kwa mwenyeji wa Mji Mkongwe wakati wa Sultani Majid imekwisha kuwa kitendawili kwa mjukuu wa mjukuu wake, ingawa neno lenyewe limebaki vilevile katika kinywa cha kila mtu.

Mhadhara huu unakusudia kuchunguza msamiati wa bunduki ya kushindilia, yaani ile inayojazwa kwa mkono kupitia mdomo wa kasiba, kama ulivyotumika Unguja katika karne ya 19 na baadaye. Hoja yake ni moja. Imezoeleka kudaiwa kwamba, kwa kuwa bunduki ililetwa kutoka nje, basi na maneno yake yote ni ya kuazima, na kwamba mtu wa pwani alikuwa mpokeaji tu. Ushahidi wa lugha hauungi mkono dai hilo. Majina ya bidhaa kwa sehemu kubwa yaliazimwa. Lakini majina ya kazi, yaani kushindilia, kutega na kufyatua, yalitoka katika akiba ya zamani ya lugha yenyewe, hasa katika lugha ya mitego.

2.0 Bidhaa zilizokuja na majina yake

Neno bunduki limetokana na Kiarabu, ambamo bunduq lilikuwa na maana ya kokwa ya aina ya lozi, kisha likapewa kidonge cha kurusha, na hatimaye chombo chenyewe cha kurushia. Risasi limetokana na raṣāṣ, jina la madini yanayoyeyuka kwa moto mdogo na kumiminwa katika kalibu. Kasiba ni qaṣaba, yaani unyasi au mwanzi ulio wazi ndani. Mdeki, ile fimbo ya kushindilia, limetokana na midakk, kifaa cha kupondea na kukandamizia.

Neno baruti linahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Kiarabu fasaha kina bārūd, yenye /d/ mwishoni. Kiswahili hakina tatizo na sauti hiyo: shahidi, hasidi na waridi zote zimeihifadhi. Kwa nini basi si barudi? Umbo lenye /t/ linapatikana katika Kiajemi na katika lugha za Bara Hindi. Hivyo umbo la Kiswahili linadokeza kwamba neno hili lilipita katika vinywa vya mabaharia na wafanyabiashara wa pande hizo, wala si katika vitabu. Fataki nalo linakaribiana mno na phaṭākā ya Kigujarati, kilipukacho katika sherehe. Huko Unguja lilipewa kile kikofia kidogo cha shaba kinachopigwa na nyundo ya bunduki ili kuwasha baruti.

Hata viungo vya baruti vina historia yake. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, takriban sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti. Shura ni neno la Kiajemi. Makaa ni la Kibantu. Na kiberiti, kabla ya kuwa jina la vijiti vya kuwashia moto, lilikuwa jina la madini ya manjano ambayo leo shuleni huitwa salfa. Mama anayemtuma mtoto dukani kununua kiberiti anatumia, bila kujua, neno la mtengeneza baruti.

3.0 Kazi iliyopewa majina ya nyumbani

Tukiacha bidhaa na kutazama matendo, picha inageuka. Bunduki hushindiliwa. Kitenzi shindilia, chenye maana ya kukandamiza kitu ndani ya chombo hadi kijae, kilitumika kwa magunia na vikapu kabla ya kutumika kwa kasiba. Bunduki hulengwa, hupigwa na hufyatuliwa. Kitenzi fyatua kwa asili ni cha mtego: ni kuachia ghafla kitu kilichopindwa kikakaza. Mtambo nalo, katika kamusi za zamani, ni mtego wenye kukazwa na kufyatuka. Mtambo wa bunduki ni ile sehemu ya ubavuni yenye nyundo na chuma cha kuivuta. Mtu aliyekuwa akitega paa msituni aliitazama bunduki, akaona ndani yake mtego wa chuma, akaita alichokiona kwa jina alilokuwa nalo. Kutokana na hapo mtambo likaendelea kupanuka hadi leo kuna mitambo ya umeme na mitambo ya kurushia matangazo.

Aina za bunduki pia zilitofautishwa kwa namna zinavyowashwa. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa kamba yenye kuungua polepole. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa cheche za jiwe gumu, na jina hilo ni takriri ya mzizi wa gumu. Bunduki ya fataki ilifuata, na mwisho ikaja bunduki ya viasi. Orodha hii fupi ni historia kamili ya teknolojia ya silaha ndogo kwa muda wa karne kadhaa, iliyohifadhiwa kwa maneno manne.

Mzinga ni mfano mwingine wa aina hiyo. Kabla ya kuwa silaha kubwa ya ngomeni, mzinga ulikuwa gogo lililochongwa likawa wazi ndani ili nyuki wakae. Umbo moja, jina moja. Mtaa wa Mizingani, ulioko ufukweni mwa Mji Mkongwe, umelihifadhi neno hilo pamoja na kiambishi cha mahali. Tarehe 27 Agosti 1896, katika ufukwe huohuo, manowari za Kiingereza ziliibomoa kasri ya Sultani kwa mizinga kwa muda wa zaidi kidogo ya nusu saa. Kasri ilianguka, jina la mtaa limesimama.

4.0 Maana ya kiasi

Sasa yafaa kurejea kwenye neno lililotangulia. Kiasi ni neno lenye asili ya Kiarabu, qiyās, lenye maana ya kipimo. Lakini maana ya risasi iliyofungwa haielezeki kwa asili hiyo peke yake. Inaelezeka kwa kazi.

Mwenye bunduki ya gumegume alikuwa kiwanda chake mwenyewe. Alipima baruti, akaimimina kasibani, akatia kitambaa au nyuzi, akatia risasi aliyoimimina mwenyewe au marisau, kisha akashindilia kwa mdeki hadi vyote vikakaa imara. Baruti ikipungua, risasi haifiki. Ikizidi, kasiba hupasuka usoni mwa mpigaji. Risasi isipofika chini na kuacha nafasi kati yake na baruti, hatari ni ileile. Kwa hiyo jambo lililokuwa likimtenganisha fundi na marehemu lilikuwa kipimo. Zilipokuja risasi zilizofungwa tayari, ambamo baruti, fataki na risasi vimo katika ganda moja, Waunguja hawakuzipa jina la ganda wala la kiwanda. Waliziita viasi, kwa kuwa walichokiona ndani yake kilikuwa ile kazi yao ya kupima, imekwisha kufanywa na mtu mwingine.

Haidaiwi hapa kwamba kiasi kwa maana ya kutovuka mpaka, kama katika mtu wa kiasi, imetokana na bunduki. Maana hiyo ni pana na ya zamani. Linalodaiwa ni kwamba maana zote mbili zilikaa katika neno moja bila ya kugombana, na msemaji wa wakati huo alizisikia pamoja.

5.0 Bunduki ya wenzo na mipaka yake

Henry Morton Stanley aliwasili Unguja Januari 1871 kujiandaa kumtafuta Livingstone. Katika orodha ya silaha aliyoichapisha mwaka 1872 zimo bunduki mbili za Kimarekani zenye uwezo wa kubeba risasi 16, moja ya Henry na moja ya Winchester, pamoja na bunduki 24 za gumegume. Hizo mbili zilikuwa bunduki za wenzo: mpigaji huvuta chini wenzo ulio chini ya mtambo, ganda tupu likatoka, nyundo ikakazwa, na kiasi kipya kikapanda kutoka katika mrija ulio chini ya kasiba. Kwa mtu aliyezoea kushindilia, hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Hata hivyo, ubora huo ulikuwa na bei yake. Viasi vya bunduki za wenzo za wakati huo vilikuwa na dawa ya kuwashia ndani ya ukingo wa ganda, na ganda likishapigwa halikuweza kujazwa tena. Ni tangu Winchester ya mwaka 1873 ndipo kulipopatikana ganda lenye fataki katikati, ambalo mwenye vifaa aliweza kung'oa fataki iliyokwisha, kuweka mpya, kupima baruti na kukaza risasi upya. Kwa maneno mengine, mwindaji wa Marekani alirudishiwa kazi ya kupima ambayo mwindaji wa Unguja hakuwa ameiacha.

Utunzaji nao ulitofautiana. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu, na katika hewa ya chumvi ya kisiwani kasiba isiyooshwa huanza kutu upesi. Dawa yake ni maji, kukausha na mafuta. Gumegume huoshwa hivyo kwa urahisi, na mtambo wake una vipande vichache ambavyo mfua chuma hodari aliweza kuvifua upya. Bunduki ya wenzo ina vipande vingi vinavyotegemeana. Kimoja kikivunjika mbali na kiwanda, chombo chote hugeuka rungu la gharama. Stanley alibeba aina zote mbili, na kati ya hizo ni gumegume pekee iliyoweza kulishwa popote palipo na baruti na risasi.

6.0 Nani aliyeshika kipimo

Historia hii haiwezi kuelezwa kama habari ya ufundi mtupu. Bunduki zilizopita Unguja zilikwenda bara pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa, na soko la watumwa la mjini halikufungwa hadi mwaka 1873. Maneno yanayochunguzwa hapa yalisikiwa pia na waliokuwa wakikimbia milio yake.

Watawala nao walitambua kwamba mwenye kushika baruti ndiye mwenye nguvu. Mkataba wa Sultani Said na Marekani wa mwaka 1833 uliruhusu biashara huria, lakini ukaweka sharti kwamba katika kisiwa cha Unguja bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali tu. Mwaka 1888 Balozi wa Uingereza, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia Unguja. Miaka miwili baadaye Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo kasibani na kwa baruti ya kawaida ya biashara.

Matokeo yake kwa lugha yalikuwa makubwa. Tofauti kati ya gobori na bunduki ya viasi haikuwa tena tofauti ya zamani na mpya. Iligeuka kuwa tofauti ya mtawaliwa na mtawala. Gobori halikudumu kwa sababu mwenyeji hakujua jipya. Lilidumu kwa sababu sheria ilimwachia hilo.

7.0 Maneno yaliyobaki

Usasi, kama unavyoitwa katika Kiunguja, haukutoweka. Katika vijiji vya Unguja nguruwe mwitu wameendelea kuwindwa kwa mbwa, nyavu na mikuki, na kwa bunduki ya marisau pale mwenye kibali alipokuwapo. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 imeweka mipaka ya uwindaji, jambo la lazima kwa kisiwa chenye mnyama adimu kama paa nunga. Bunduki zikipungua, na wazee wanaozijua wakiondoka, maneno kama mdeki na mrao yanabaki kamusini bila ya mtu wa kuyaeleza.

Mengine yamehama. Baruti leo husikika katika habari za uvuvi haramu. Fataki, mwishoni mwa miaka ya 2000, lilipewa na kampeni ya redioni Tanzania mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo. Kufyatua kunatumika kwa matofali. Kuhama huku ni uhai wa lugha, wala si jambo la kulaumiwa; lakini kamusi inayoandika maana mpya na kuiacha ya zamani inamnyima mtafiti wa kesho daraja la kupitia.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonesha kuwa msamiati wa bunduki ya kushindilia ni wa tabaka mbili: bidhaa zilizokuja na majina yake kutoka ng'ambo, na kazi iliyotajwa kwa maneno ya mtego, ya gogo la nyuki na ya jiwe gumu. Aidha, umeonesha kwamba neno la kuazima kama kiasi linaweza kupata Unguja maana ambayo asili yake peke yake haiielezi, kwa kuwa wenyeji walilitia ndani ya kazi yao.

Kutokana na hayo, wanafunzi wa leksikografia wana wajibu ulio mbele yao. Steere, Krapf, Sacleux na Johnson waliandika walichosikia, na ni haki kuwashukuru. Lakini wao waliuliza jina la kitu. Mara chache waliuliza namna kinavyofanywa. Msasi mzee wa kijijini na mfua chuma wa mjini hawajui majina tu. Wanajua ni lipi hutangulia na ni lipi hufuata, na ni kosa gani hupasua kasiba. Mpangilio huo wa kazi ndio maana halisi ya maneno yao. Usipoandikwa wangali hai, kamusi zetu zitakuwa na kiasi kama kipimo cha sukari na unga, na hakuna atakayejua kuwa neno hilo liliwahi kupima uhai wa mtu.