Umri wa Wazee wa Fizi

Msomi wa leo aliyehitimu udaktari wake, naye akawa anaomba ufadhili wa miaka miwili au mitatu ili achunguze siri ya maisha marefu, sharti aeleze katika maombi yake, kabla ya neno lolote juu ya damu au chakula, ni kwa njia gani atathibitisha kwamba mzee anayesemekana ana miaka tisini anayo kweli. Na iwapo wazee hao ni wa Fizi na Baraka, katika Kivu ya Kusini, swali hilo litamrudisha nyuma zaidi ya karne nzima.

Wabembe wa milima ya Fizi hawakuwa na haja kubwa ya kuhesabu miaka, kwa maana heshima ya mtu ilipimwa kwa daraja alilolifikia katika Bwami, chama walichoshirikiana na jirani zao Walega, ambacho mtu hakupanda ndani yake kwa mvi peke yake, bali kwa msaada wa jamaa, kwa mali iliyogawiwa, na kwa mwenendo uliowaridhisha waliomtangulia. Huko pwani ya Ziwa Tanganyika, mapadri waliojenga Kibanga mwaka 1883, karibu na rasi ya Ubwari, walileta kitabu cha ubatizo; kisha Wabelgiji wakaleta daftari la kodi, ambamo aghalabu mtu alitazamwa usoni akakadiriwa umri, na makadirio yale, kwa kunakiliwa kutoka karatasi hata karatasi, yakapata sura ya ushahidi.

Serikali hiyo ya Wabelgiji, iliyokishuku kila chama isichokitawala yenyewe, iliipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Na ajabu ni kwamba mwaka mmoja tu kabla ya hapo ilikuwa imeanzisha taasisi ya utafiti, IRSAC, iliyojengwa Lwiro karibu na Bukavu, ambayo mmoja wa watafiti wake, Daniel Biebuyck, aliingia Ubembe na kisha Ulega, akaketi na wazee wa chama kile kile kilichoharimishwa. Hivyo hazina moja ikawalipa waliokizima na aliyekiandika. Kitabu chake juu ya sanamu za nchi ya Wabembe hakikutoka ila mwaka 1981, zaidi ya miaka thelathini tangu safari zake za kwanza, nami sidhani kamati yoyote ya ufadhili ya zama zetu ingekuwa na subira hiyo.

Katika vita vya Mulele, waasi waliitwaa Uvira mwezi wa Mei 1964, na Fizi ikaingia mikononi mwao. Mwaka uliofuata Che Guevara alivuka kutoka Kigoma kuwasaidia, akashukia Kibamba, akabaki upande huo tangu Aprili hata Novemba. Na tangu 1967 Laurent Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi, alishika milima ile kwa miaka mingi, mbali na makarani wa Kinshasa. Vita vya 1996 vikawatupa maelfu ng'ambo ya ziwa, hata kambi ya Nyarugusu, na kama ilivyo desturi ya madaftari ya wakimbizi duniani, asiyejua siku yake ya kuzaliwa huandikiwa tarehe mosi Januari. Mtafiti atakayezisadiki karatasi hizo atastaajabia kijiji kizima kilichozaliwa siku moja. Afadhali amwulize mzee alikuwa na umbo gani wakati wa vita vya Mulele, amekwisha kuoa au angali akichunga mbuzi.

Kuna jambo jingine lililotoka Fizi, ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi katika taarikhi ya elimu ya maisha marefu. Mwezi wa Mei 1975 watu wa Kabila walivuka ziwa usiku, wakaingia Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, wakawateka vijana wanne wa utafiti, wakawapeleka upande wa Kongo. Wote waliachiliwa baadaye, lakini wanafunzi wa kigeni waliondolewa, na kazi ya kila siku ikabaki kwa Watanzania waliokuwa wakiitwa wasaidizi, wakiongozwa na Hilali Matama, ambao waliendelea kuwafuata wanyama wale msituni na kuandika. Ndiyo sababu umri wa sokwe jike aitwaye Fifi unajulikana takriban wote, tangu alipokuwa mtoto wa Flo hadi alipopotea mwaka 2004: miaka arobaini na minne ya kuandikwa, ambayo ndani yake ufadhili wa miaka mitatu mitatu ungekwisha mara kumi na nne.